Foleni ya Malori Huzaliwa Langoni

Mtu akishuka Stesheni ya Kigoma kwa mara ya kwanza, huliona ziwa kabla hajauona mji. Jengo lile la Wajerumani limekaa mwisho wa Barabara ya Lumumba, chini kabisa ya mteremko, na reli haiishii pale abiria wanaposhukia. Inaendelea hadi gatini, karibu na ubavu wa meli. Saruji iliyopakiwa mamia ya kilomita mashariki mwa hapa inaweza kufika, ikahamishiwa melini, ikaelekea Bujumbura, Burundi, au Kalemie, Kongo, na muuza nyanya wa sokoni Mwanga asijue kwamba imepita.

Hilo la kutojua ndilo ninalotaka kulieleza. Barazani siku hizi mazungumzo ya reli mpya na biashara ya Kongo hayaishi. Wapo wanaosema bandari ikichangamka tutageuka kama Dar es Salaam, tuamkie foleni na kulala na foleni. Wengine wanajibu kwamba dawa ni kupanua Lumumba, basi, mambo yaishe. Hofu ya wale wa kwanza naielewa. Dawa ya hawa wa pili ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa sababu miji mingi ya bandari imeshaijaribu na foleni ikabaki palepale.

Tuanze na hesabu ndogo. Chukua meli ya ziwani yenye tani 1,200 za shehena. Semi-trela moja hubeba tani 30 hivi, kwa hiyo meli hiyo ni malori 40. Lori na nafasi yake mbele na nyuma huchukua kama mita 20 za barabara. Malori 40 yakija kwa pamoja ni mita 800 za vyuma vilivyosimama kwenye mteremko unaoshuka stesheni, huku bajaji, bodaboda na watoto wa shule wakitafuta pa kupita. Mzigo huohuo ukija kwa treni ya mabehewa 20, kila moja na tani 40, treni mbili zinautosha na nafasi inabaki. Sasa rudi Dar: meli moja ikishusha makontena 1,500 ya futi 40, hayo ni malori 1,500, kwa kuwa lori hubeba moja tu la ukubwa huo. Meli ni chombo kimoja kinachofika mara moja. Barabara inapewa mzigo ule umekatwa vipande mamia, na kila kipande kina dereva, utingo, injini na haraka yake.

Lakini wingi peke yake hauelezi foleni. Malori 40 yakija mojamoja kwa siku mbili, hakuna atakayelalamika. Yakija yote saa mbili asubuhi, mji unasimama. Na huja pamoja kwa sababu za kibinadamu kabisa. Habari ya meli kufunga gati husambaa kwa simu, na kila mwenye lori anaogopa kuwa wa mwisho. Wakala wa forodha anamaliza karatasi za wateja kumi kwa mkupuo, na wote kumi wanaambiwa wakachukue mzigo leo. Ofisi inafunguliwa asubuhi na kufungwa jioni, kwa hiyo kazi ya saa 24 inabanwa ndani ya saa nane. Hapo hata barabara ya njia sita ingejaa.

Jambo hili wahandisi wa foleni walishalipigia hesabu zamani, nayo inastahili kuelezwa taratibu maana inapingana na tunavyodhani. Fikiria lango moja la bandari linalohudumia malori kwa zamu, na malori yanayofika bila mpangilio maalumu. Lango likifanya kazi nusu ya uwezo wake, kwa wastani utakuta lori moja tu hapo, pamoja na lile linalohudumiwa. Mzigo ukiongezeka hadi asilimia 80 ya uwezo, utakuta manne. Ukifika asilimia 90, ni tisa. Ukifika asilimia 95, ni kumi na tisa. Angalia hatua ya mwisho: mzigo umeongezeka kwa asilimia tano tu za uwezo wa lango, foleni imezidi maradufu. Ndiyo maana mji wa bandari hulala salama na kuamka umekwama. Wananchi huuliza ni nini kimebadilika tangu mwaka jana, na jibu la kweli ni kwamba kimebadilika kidogo sana, ila kilibadilika pale ambapo nafasi ilikuwa imeshakwisha.

Kinyume chake ni kweli pia, nacho ni habari njema. Ukiweza kupunguza dakika chache kwenye kila lori langoni, au ukihamishia sehemu ndogo ya malori usiku, foleni hupungua kuliko jitihada uliyoweka. Ndiyo sababu nasema foleni ya bandari huzaliwa langoni, hata kama tunaiona barabarani. Kupanua barabara bila kugusa lango ni kuwapa wanaosubiri mahali pakubwa zaidi pa kusubiria.

Lagos walilijua hilo kwa uchungu. Barabara za kuingia bandari ya Apapa zilikuwa zikijaa malori na matangi ya mafuta mpaka madereva wakipika, wakioga na kulala chini ya magari yao kwa siku kadhaa. Mwaka 2021 ukaanzishwa mfumo wa kuita malori kwa njia ya elektroniki: lori lisubiri kwenye maegesho ya mbali, lisogee likiitwa. Haukumaliza matatizo yote, lakini wazo lenyewe ndilo sahihi, kwa sababu kinachopangwa pale ni wakati. Los Angeles na Long Beach, bandari mbili pacha za Marekani, walianza mwaka 2005 kutoza ada kontena linalochukuliwa mchana na kuacha malango wazi usiku, ili wenye mizigo washawishike kubadili saa. Kabla ya hapo, mwaka 2002, walikuwa wamefungua njia maalumu ya reli ya kilomita 32, nusu yake hivi ikiwa ndani ya handaki la wazi lililochimbwa chini ya usawa wa mitaa, iliyoondoa makutano 200 ya reli na barabara. Hata wao, ilipofika mwisho wa 2021 na mwanzo wa 2022, meli zaidi ya 100 zilikuwa zikisubiri baharini, kwa kuwa maghala ya ndani yalijaa na makontena hayakuwa na pa kwenda.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Manila. Februari 2014, uongozi wa jiji ulichoshwa na malori ukayapiga marufuku mchana. Madereva wa magari madogo walipumua. Ndani ya bandari, makontena yakaanza kurundikana kwa sababu yalikuwa yanaingia kuliko yanavyotoka. Meli zikasubiri, bidhaa zikachelewa viwandani na madukani, gharama zikapanda, na Septemba mwaka huohuo marufuku ikaondolewa. Malori waliyoyafukuza barabarani walikuja kuyakuta kwenye bei.

Sisi wa Kigoma tunaifahamu foleni ya aina hiyo vizuri kuliko ile ya honi. Nilipokuwa nafunga lenta ya nyumba yangu Gungu, fundi alikaa siku kumi na moja bila kazi akisubiri saruji. Kila nikimpigia muuzaji, jibu lilikuwa lilelile: mzigo uko Tabora. Tabora ndiko reli inakogawanyika, mkono mmoja ukienda Mwanza na mwingine ukija kwetu, kwa hiyo kichwa cha treni kikikosekana pale, mikono yote miwili inakufa ganzi. Hakukuwa na lori hata moja lililosimama mbele ya macho yangu, lakini nilikuwa ndani ya foleni, na niliilipia kwa kila mfuko.

Kuelewa kwa nini Kigoma imepona foleni ya malori mpaka leo, lazima turudi nyuma kidogo. Bandari kongwe ya upande huu ni Ujiji, mwisho wa njia ya misafara ya karne ya 19, ambako pembe za ndovu na binadamu waliotekwa walipitishwa kwenda pwani. Kisha ziwa lenyewe likaamua. Kuanzia mwaka 1878 hivi, Mto Lukuga upande wa Kongo ulivunja kizuizi chake na kuanza kuyatoa maji ya Tanganyika kwa kasi, na katika miaka iliyofuata usawa wa ziwa ukashuka kwa mita nyingi. Ufuo wa Ujiji ukarudi nyuma, na mahali ambapo Stanley na Livingstone walikutana mwaka 1871 leo pako mbali na maji. Ghuba ya Kigoma ina kina na imekingwa na upepo, na ndiko Wajerumani walikoleta reli yao, iliyofika Februari 1914 baada ya kukata kilomita zipatazo 1,250 kutoka Dar es Salaam. Ile meli tunayoiita Liemba ilikuja kwa njia hiyohiyo, imefunguliwa vipandevipande na kufungashwa kwenye masanduku, ikaunganishwa hapa na kushushwa majini mwaka 1915.

Baada ya vita, Wabelgiji waliokuwa wanashikilia Kongo na Ruanda-Urundi walitaka njia yao ya kwenda baharini. Kwa mkataba wa Machi 1921 Waingereza waliwapa maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Maeneo hayo yaliitwa Belbase. Mzigo wa Kongo ulishuka Dar, ukapanda behewa, ukafika Kigoma na kuingia melini pasipo kukanyaga mtaa wa mtu. Uhuru ulipokuja mpango ule wa kikoloni ulikosa uhalali, nao ulistahili kuondoka. Umbo lake, hata hivyo, lilibaki ardhini: reli inayogusa gati. Nauchukulia huo kuwa urithi wenye thamani kubwa kuliko gati lenyewe.

Urithi huo umeshatetereka mara kadhaa. Mvua za mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 ziliibomoa Reli ya Kati baina ya Kilosa na Gulwe, safari zikasimama. Kila treni inapokosekana, mzigo haufi. Unatafuta lori. Wafanyabiashara wa Burundi wamezoea njia ya Dodoma, Singida, Nzega, Kahama na Nyakanazi hadi mpaka wa Kabanga, na sasa lami ya Kasulu na Manyovu imefungua mlango mwingine. Nafurahia lami hiyo kwa dhati. Nani hakumbuki Kibondo wakati wa masika, abiria wakisukuma basi kwenye tope? Lakini lami inayomfikisha mgonjwa Kasulu upesi ndiyo inayoleta semi-trela Mwandiga, pale barabara ya Manyovu inapoanzia, na Mwandiga ni soko, ni stendi, ni nyumba za watu.

Kuna gharama nyingine ya malori ambayo haionekani siku ileile. Barabara huumizwa na uzito wa ekseli kwa namna isiyo ya kawaida: madhara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito, yaani uzito × uzito × uzito × uzito. Ekseli iliyozidi kwa asilimia 20 huumiza lami mara mbili ya ile iliyo ndani ya kiwango. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka ukomo wa tani 56 kwa lori na mzigo wake, na mizani za barabarani zipo kwa ajili hiyo. Mizani nazo ni malango, zina foleni zake. Halafu barabara ikishaanza mashimo, magari hupunguza mwendo, na palipotosha malori 30 kwa saa hapatoshi tena 20. Foleni inazaa foleni.

Ziwa nalo lina malango yake. Meli ikifika Kalemie ikakuta gati halina nafasi au kreni imeharibika, hukaa huko, na Kigoma mzigo uliokuwa uingie melini hubaki ghalani. Ghala likijaa, behewa halishushwi, linageuka kuwa stoo. Behewa lililogeuka stoo halirudi Dar kuchukua mzigo mwingine. Kwa hiyo tatizo la upande wa Kongo linaweza kuonekana kama upungufu wa mabehewa Dar es Salaam, na mtu akalaumu shirika la reli bila kujua kwamba kamba imefungwa ng'ambo ya ziwa. Maji yenyewe pia hayatabiriki. Mwaka 2024 ziwa lilipanda mpaka likaingia mitaa na bandari ya Bujumbura. Na vita vya mashariki mwa Kongo hubadilisha wingi na mwelekeo wa mzigo ndani ya wiki. Bandari ya ziwa inayohudumia nchi nne, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, haiwezi kupangwa kana kwamba kila siku ni sawa na jana.

Sasa yanakuja mabadiliko makubwa kuliko yote tangu 1914. Reli ya kisasa imepewa mkandarasi kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506 ukihesabu na njia za kupishania, na tawi lingine litaanzia Uvinza kwenda Musongati, Burundi. Tawi hilo linaweza kupunguza mzigo unaofika mjini kwetu, maana shehena ya Burundi itakata kona Uvinza. Wapo wanaohuzunika kwa hilo. Mimi naona litaiachia bandari ya Kigoma kazi iliyo yake hasa, ya kuvusha mzigo wa Kongo, ambako kwa sasa hakuna reli ya kushindana na ziwa.

Swali gumu liko kwenye kilomita chache za mwisho. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000 na ya kisasa milimita 1,435. Behewa la moja haliwezi kutembea juu ya nyingine. Mahali zinapokutana, mzigo lazima uhamishwe. Ikiwa treni mpya itashusha mzigo umbali fulani kutoka majini, na kutoka hapo ukabebwa na malori hadi gatini, basi tutakuwa tumejenga kwa fedha nyingi mashine ya kutengeneza foleni. Rudi kwenye hesabu yetu: treni ya kisasa yenye tani 1,800 ni malori 60, yote yakianzia saa moja, yote yakielekea lango moja chini ya mteremko mmoja. Safari ya zaidi ya kilomita 1,200 ingefanywa vizuri, kisha ikwame kwenye kipande ambacho mtu mzima hukimaliza kwa miguu.

Nairobi walipita hapo. Mwaka 2019 iliamriwa makontena ya kwenda bara yapande treni kutoka Mombasa, na foleni ambayo ilikuwa ya Mombasa ikahamia kwenye bandari kavu ya Embakasi, ambako malori yalipaswa kuchukua makontena hayo tena. Huku njiani, kuanzia Mariakani hadi Mtito Andei, wenye hoteli, gereji na maduka ya matairi wakapoteza wateja. Amri ikaondolewa 2022. Hilo la wenye hoteli lisipuuzwe hata kwetu. Mama lishe anayemuuzia dereva ugali na migebuka ana haki ya kuulizwa lori litaegeshwa wapi, kwa sababu likiegeshwa kwingine na chakula chake kitapikwa kwingine.

Bandari kavu iliyopangwa Katosho ndiyo inayonipa matumaini, kwa sharti la jinsi itakavyotumika. Bandari kavu ni lango lililosogezwa nje ya mji: karatasi zinakaguliwa huko, lori linapimwa huko, dereva analala huko penye choo na maji safi, na anashuka gatini meli yake ikiwa tayari. Ikiunganishwa na gati kwa reli, mtaa hauguswi. Ikiunganishwa kwa malori peke yake, itakuwa ghala la pili la kujaza barabara ileile. Serikali imeshaonyesha kwa Dar kwamba wazo hili linafanyika, pale Kwala mkoani Pwani, ambako makontena yanapelekwa kwa treni na kuchukuliwa na malori nje ya jiji.

Ningependa pia tuzungumze kuhusu saa. Forodha ya Kigoma, mawakala, wapakiaji na benki wakifanya kazi kwa saa zinazofanana, hadi usiku meli inapokuwa gatini, mteremko wa Lumumba unaweza kupitisha mzigo mkubwa kuliko wa leo bila kuongezwa hata mita moja ya lami. Kinachohitajika ni taa nzuri, ulinzi, na kuwalipa makuli wa zamu ya usiku malipo ya usiku. Bandari ndogo za Kibirizi na Ujiji nazo ziendelee kubeba mzigo mdogo, dagaa, mihogo na abiria wa vijiji vya ufuoni kwa maboti ya mbao, ili mwanamke mwenye magunia manne asilazimike kusimama mstari mmoja na shehena ya kontena.

Michoro ya reli hukamilika kabla watu wa mtaani hawajaiona. Ndiyo maana diwani akiitisha mkutano Mwanga au Gungu, swali la kwanza ningetaka liulizwe ni hili: treni mpya itasimama mita ngapi kutoka majini?